Kizibao cha Njano

Odda, Norwe, 3 Aprili 2009

Mwanangu Eydís,

Nakusalimu kutoka ndani ya mlima. Mimi mzima, mgongo tu. Nyonga ya Bibi yako inaendeleaje?

Tunachimba handaki, jua silioni siku nzima. Baruti ikilia nafumba macho, naona mji wetu: kila dirisha lina taa, na nyuma ya kila taa yupo mtu anayelijua jina lako.

Bibi ameniandikia kwamba unafuatana na Brynjar na wenzake, wanaovunja nyumba za mapumziko bondeni. Sikufokei. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano kama wewe nilivunja kioo cha duka, na aliyenirudisha nyumbani kwa kunivuta sikio alikuwa mwoka mikate.

Ijumaa ya tarehe 8 Mei ni zamu yangu ya kuzunguka mji na wazazi wenzangu, kuwahimiza watoto warudi kwao. Kizibao changu cha njano kiko nyuma ya mlango. Mwambie mwenyekiti kwamba mimi Ketill sipo.

Baba yako


Eskifjörður, Aisilandi, 20 Aprili

Baba,

Hatujambo. Bibi analalamika, kwa hiyo ni mzima.

Hapa ukipiga chafya, bwawa zima la kuogea la maji moto linajua. Inatosha. Na wewe miezi saba umo shimoni, halafu unanichunga kwa stempu! Brynjar anasema, "Wenzako wana baba, wewe una bahasha." Nilicheka.

Mwenyekiti nimemwambia.

Mwanao


Odda, 1 Mei

Eydís,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Bahasha imeumia, lakini Brynjar kasema kweli.

Nimeota nazunguka mji na kizibao changu. Nakuita, unapita katikati yangu kama ukungu. Nimeamka nikaenda kazini. Ukivuka dirisha la watu, sitakuwepo kukushika sikio. Sina zaidi.

Baba yako


Eskifjörður, 9 Mei

Baba,

U mzima? Mimi sijalala vizuri.

Jana jioni tulikuwa wanne nyuma ya nyumba ya mapumziko ya daktari wa meno, bonde linapokutana na mji. Mwanga ulikuwa mweupe kama maziwa. Brynjar alikuwa na chuma, na mimi ndiye mwembamba wa kupita dirishani. Mara njiani kikatokea kitu cha njano, kinachechemea.

"Nani huyo, bata?" Brynjar akasema.

Alikuwa Bibi, kizibao chako kinamfika magotini. Wazazi wengine walikuwa mbele sana.

"Bibi, unafanya nini huku?"

"Zamu ya Ketill ni zamu ya Ketill. Wewe Brynjar, weka chini hicho chuma. Mama yako alinikojolea mapajani alipokuwa mchanga. Eydís, nipe mkono, nyonga inaniua."

Nilitaka kumfikisha barabarani tu, nirudi. Hakuniachia. Tulizunguka mji mzima polepole, madirisha yakitupungia mikono. Brynjar alitufuata kwa mbali mpaka kwa mwoka mikate, bila chuma. Nadhani yeye hakuna aliyewahi kumwambia arudi kwao.

Leo Bibi hawezi kuinuka kitandani. Bado anataka kukata pindo la kizibao kimtoshe tarehe 29, zamu yako nyingine. Nimeuficha mkasi mpaka utakapojibu.

Mwanao


Odda, 16 Mei

Eydís,

Mpe pole Bibi. Mkasi usiutoe. Nafika tarehe 27.

Baba