Tumewaangusha Vigogo wa Daraja la Kwanza

Soho Road,
Handsworth, Birmingham.
9 Aprili 2006

Mpendwa Ami Idarous,

Assalaam aleikum. Hujambo ami yangu, na goti je? Natumai dawa ya kuchua niliyompa Amour akuletee imekufikia, na maumivu yamepungua. Sisi wazima, alhamdulillahi. Baridi ndiyo kwanza inatuachia.

Ami, wewe uliyenifundisha kutupa mpira kikapuni, nina habari ya kukufurahisha. Nimekuwa kocha! Si wa uwanjani, ni mchezo wa kwenye mtandao. Kila mtu anapewa timu ya chuo cha Marekani, anasajili vijana, anapanga kikosi, na kompyuta inachezesha mechi. Aliyeniingiza ni Jagjit, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Yeye yuko daraja la kwanza, mimi la tatu.

Basi huko chini tulikuwa tunanyongwa. Wakubwa walizoa kila kijana mwenye kipaji, hata wasiowahitaji, wakawaweka benchi. Sisi tukabaki na makapi. Makocha wenzangu wakawa wanaondoka mmoja mmoja, hata wenye mchezo wakatangaza kuwa daraja letu huenda likafutwa. Niliumia, maana timu ile nimeilea kama mtoto.

Nikawaandikia wenye mchezo: wawekeeni wakubwa kikomo cha usajili, na sisi tupeni nafasi ya kwanza kwa vijana wa karibu na vyuo vyetu. Jagjit akanijia juu.

“Maisara, unataka kubebwa!”

“Sitaki kubebwa,” nikamwambia. “Nataka usinifungie mlango.”

Makocha wote wakapigishwa kura. Tukashinda kwa chupuchupu, na msimu huu kanuni mpya ikaanza.

Sasa kwenye kombe la madaraja yote tukapangwa na nani? Jagjit! Alikuja kwetu kutazama, akajivutia kiti mbele ya kompyuta. Aliongoza mpaka sekunde za mwisho. Mara kijana wangu mmoja, niliyempata kwa kanuni ile ile, akatumbukiza kikapu cha pointi tatu. Tumeshinda kwa pointi moja, ami! Nilipiga vigelegele mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

Jagjit akarudisha kiti mahali pake, akaenda zake. Juzi kaja na sahani ya jalebi, vile vitamutamu vya Kihindi.

“Nimeiacha timu yangu,” akasema. “Nimeomba timu daraja la tatu.”

Nikamuuliza kulikoni.

“Kule juu nilikuwa nashinda tu. Kwenu ndiko kwenye mchezo.”

Nisalimie Bi Mwanamize, na Mselem na wanawe. Mola akuondoshee maumivu, akuzidishie umri wenye furaha.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kocha Maisara