Gauni la Dirishani

Mbeya, 12 Januari 1975

Mpwa wangu Roza,

Salamu ni nyingi, nimezibana ndipo zikaenea kwenye bahasha. Mimi mzima, meno yote yapo. Goti la mama yako vipi? Na ng'ombe?

Nasikia unaolewa Ubaruku. Gauni lisikusumbue. Duka hili kubwa la hapa mjini nalijua tangu Mhindi anaweka jiwe la kwanza, na mahali pa kuliweka nilimwonyesha mimi. Ghorofa mbili: chini masufuria na baiskeli, juu nguo na vitanda. Siku ya kufunguliwa watu walikuja hata kutoka Tukuyu, wakapanda ngazi, wakashuka, wakarudi kwao wameridhika. Serikali ilipolichukua, wakubwa wakauliza nani abaki. Nikabaki mimi. Mpaka leo duka hili halifungwi bila mimi.

Dirishani imesimama sanamu ya mwanamke, imevaa gauni jeupe la harusi. La pili hakuna mkoa mzima. Ni lako.

Mjomba wako,
Budeba

Rujewa, 10 Machi 1975

Shikamoo mjomba,

Hatujambo, goti linamsumbua mama asubuhi tu. Hii ni barua yangu ya tatu, hujajibu hata moja. Gauni nimeshawatangazia wakwe. Mawifi wanacheka, wanasema eti mjomba wangu ndiye mwenye duka. Nikawaambia mtaona. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka.

Mpwa wako,
Roza

Mbeya, 18 Machi 1975

Mpwa wangu Roza,

Salamu zipo, ila leo aibu imetangulia.

Mimi ni mlinzi. Nililoandika ni kweli, duka halifungwi bila mimi: kila jioni meneja ananifungia ndani na kuondoka na funguo. Mwaka wa nne huu. Juu vimebaki vitanda viwili bila magodoro, chini chumvi na viberiti. Gauni ndilo linalomfanya mpita njia aone bado kuna duka.

Mwezi jana nililivua nilipanguse vumbi. Roza, halina mgongo. Mbele lesi na vifungo, nyuma walishakata kitambaa, wamebana kwa pini. Miaka yote nalilinda, sikuwahi kuuona upande ule.

Waambie wakwe nimekufa.

Budeba

Rujewa, 25 Machi 1975

Shikamoo mjomba,

Mama anajua tangu mwaka juzi, mtu wa hapa alikuona ukifagia. Alisema tukuache, unafurahi ukisimulia.

Ila kwa mawifi sirudi mikono mitupu, na kitambaa huku hakuna hata cha kiraka. Lilete hivyo hivyo. Utatembea nyuma yangu, karibu kabisa, tangu mlangoni hadi altareni. Wewe ni mpana, utanitosha.

Roza

Mbeya, 3 Aprili 1975

Mpwa wangu Roza,

Nimemwomba meneja gauni na ruhusa. Amezoea hadithi zangu, akacheka mpaka akakaa. Gauni akasema chukua, ni tambara tu. Ruhusa hakuna.

Leo asubuhi alipofungua mlango, nimetoka. Kazi imekwisha, najua. Sanamu nimeivika koti langu la ulinzi na kofia. Jioni meneja atakayemfungia ndani ni sanamu, si mimi.

Barua hii iko kwa kondakta wa basi la kwanza. Mimi niko la pili, gauni kifuani. Hata upepo hautauona mgongo wako.

Mjomba wako, wa nyuma yako,
Budeba