Siku Baba Bulaimu Alipokosa Majani

Wamaza, Machi 1955

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu damu yako iishe pembeni ya barabara, wewe uliyezuia damu za wengi.

Watu walikuja kwako wamekatwa na mapanga, na majembe, na mawe ya machimbo. Ulitafuna majani yale ya maua ya njano, ukakamua maji yake ndani ya kidonda, ukafunga kwa ganda la mgomba. Ulimshika mgonjwa mkono mpaka damu ikate. Hata polisi aliyekuchapa fimbo mbele yetu, alipojikata mguu ulimtibu. Mama alikasirika sana.

"Feza," ulimwambia, "nimuache afe kwenye mulango wangu?"

Hukuweka majani makavu. Ulisema jani la jana ni takataka. Na kweli, mabichi yalikuwa tele kando ya shamba letu.

Kisha ikaja amri ya serikali kwamba kila mtu alime pamba. Moniteri, msimamizi wa kilimo, alipima mpaka mtoni, akasema tufyeke na kuchoma vyote, la sivyo gereza. Binti yako Mwavita ndiye aliyewasha moto. Wewe ulisimama ukitazama.

Wiki iliyofuata mulikuwa mukikata miti ya daraja pembeni ya barabara. Shoka la mdogo wako Asani liliteleza likaingia pajani mwako. Mwavita alikuwa amewaletea chakula.

"Finya hapa, Asani. Usilie, shoka haina macho," ulisema. "Mwavita, mama, kimbia ulete majani."

Alikimbia. Shambani alikuta majivu matupu. Akavuka mto, akahangaika ng'ambo, akapata shina moja tu. Aliporudi, Asani alikuwa bado amefinya kwa mikono miwili, lakini wewe ulikwisha kwenda.

Moniteri alikuja mazikoni. Aliuliza nani atapalilia sehemu yako ya pamba. Ni Mama anayepalilia.

Majeruhi wangali wanabisha hodi kwako, Baba. Mwavita huwafuatia majani mbali, ng'ambo ya mto. Wengine anawawahi. Wengine hapana.

Tunaokulilia ni mke wako Feza, binti yako Mwavita, wakwe na wajukuu, na mdogo wako Asani, ambaye hajashika shoka tena, na ameomba jina lake liandikwe la mwisho.

Hatutakusahau, siku zote tutakazoishi.