Donati Kaulizwa Mwenyewe

Lumemo, Ifakara
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Maximilian,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Eveline na watoto mnaendelea vizuri na baridi ya huko Arusha. Sisi huku ni wazima, mpunga umeshaingia ndani. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Kaka, nimekasirika. Nakuheshimu kama mkubwa wangu, ila nimekasirika hadi chakula hakipiti.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja mtafiti, Nyamizi, kutoka chuo kikuu. Wanachunguza maisha ya watu wazima wenye usonji huku bondeni, kama Donati wetu. Vijiji vya Michenga na Mkula wameshapita. Kumbe kabla ya kuja alikupigia wewe, maana mtendaji alimpa namba yako kama mkuu wa familia. Nawe ukajibu yote kuhusu mdogo wako: hana kazi, hana rafiki, hajitambui, na Agosti unamhamishia kwenye kituo huko Moshi akatunzwe.

Ulimwona lini? Tangu tumzike mama hujakanyaga hapa. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwetu wewe hupo na lako ndilo linaloamua!

Hana kazi? Donati anashona magunia mashineni kwa Makoye, yule jirani yetu Msukuma. Kelele za kukoboa zinamuumiza, basi Makoye kamtandikia turubai nyuma ya ghala, na wenye mpunga wanamfuata huko huko. Akishika sindano usimsemeshe, hatakujibu mpaka amalize gunia. Ndiko kutojitambua huko?

Nyamizi alikaa naye pale kwenye turubai akamuuliza mwenyewe. Akasubiri, maana unajua jibu la Donati huchelewa. Rafiki yake nani? Makoye. Anakosa nini? Akasema watoto wa hapa mtaani hawamwamkii, na yeye ana miaka arobaini. Na Moshi je? Hapo alikunja gunia lililokuwa mbele yetu. Kisha akasema, "Siendi. Magunia yapo."

Nililia, kaka. Uchungu na hasira kwa pamoja.

Basi nakwambia waziwazi: haendi. Ukileta gari litarudi tupu. Ukiona nimekukosea adabu, njoo tukae kikao cha familia, nami nitapiga magoti nikuombe radhi. Lakini Donati awepo, na aanze kuulizwa yeye.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi Leticia anawasalimu sana, anauliza kama goti lako limepona. Mungu awatunze na awafikishe kwetu salama siku mtakayojaliwa kuja.

Nilitaka niandike kwamba Donati naye anakusalimu, ndivyo barua zinavyoandikwa. Nikamuuliza kama ana salamu za kukuletea. Akasema hapana. Nawe unamjua, hajui kudanganya.

Mdogo wako akupendaye hata kwa hasira hii,
Balbina