Ushanga Ndani ya Gemu ya Mjomba

Seleyian na Hillary,

Msiguse chochote mezani. Skrubu ziko kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake, kwa mfuatano niliozifungua. Mayai yenyewe yako kwenye sufuria kubwa.

Mnajua hadithi ya mjomba wenu Tajeu: kwamba mwaka 1999 nilimwagia gemu yake chai ikafa, akanipiga marufuku kuigusa. Huisimulia kila Krismasi. Leo asubuhi nimeifungua na kuimulika kwa tochi. Hakuna doa la chai wala kutu. Ila pale kaseti inapoingia kulikuwa na ushanga mmoja mwekundu, umekwama kati ya pini. Ni wa ile bangili aliyotungiwa na Koko, nyanya yenu, ambayo hakuivua hata akicheza, mpaka ikakatika mkononi mwake. Nimeutoa, nikasafisha pini kwa spiriti, na picha ikaja kwenye TV mara moja. Gemu nimeiacha wazi makusudi.

Nimeenda Isinya kuchukua vifaranga. Narudi saa tisa. Mjomba anafika saa saba, pasheni githeri.

~~Mwambieni aandike barua ya kuniomba msamaha.~~ Mpeni chai, halafu mwonyesheni ushanga. Uko kwenye kisahani. Msimweleze kitu, ataufahamu mwenyewe.

Akitaka kucheza, angoje. Zamu ya kwanza ni yangu, na imekuwa yangu tangu 1999.

Mama