Kitenge Changu Mlimani

Jumatatu, 7 Julai
Nimeamka kabla ya wote tena. Uji wa mama mkwe, chai ya Tantine bila sukari, mayai ya bwana wangu Pascal. Halafu vyombo. Jiko la nyumbani Umbilo limenifuata mpaka milima ya Drakensberg.

Nyumba ni nzuri, ya mbao, theluji inaonekana kule juu. Tantine ndiye ametuleta wote. Ni dada mkubwa wa bwana wangu, anaishi Uswisi, amekuja kwa vakansi, kupumzika. Anasema milima ya kwao inashinda hii. Mama mkwe akamuuliza: "Ya kwetu Bukavu iko na mihogo. Ya kwenu iko na nini?" Tantine mwenyewe alicheka.

Miguu inaniuma. Lakini mwanangu Riziki amelamba barafu kwenye majani. Furaha ile.

Jumanne, 8 Julai
Baridi. Nimevaa soksi za Pascal.

Tantine sasa ndiye anamuogesha Riziki, anamlisha, anamfundisha kusalimia kwa Kifaransa, bonjour. Mtoto ana jina la Tantine, tulimpa sisi wenyewe. Mwenye jina ana haki kwa mtoto. Najua. Alimfunga nywele vibaya, nikazifungua nikamsuka upya. Kisha nikaona haya.

Jumatano, 9 Julai
Leo Tantine amesema.

Tulikuwa tumemaliza fufu. Anataka kumchukua Riziki, aishi kwake, asome kule. Yeye Mungu hakumpa mtoto. Hakusema kwa kiburi. Akaniomba kitenge changu cha kumbebea Riziki, kile cha kijani. Kwetu ni hivyo: mama akitoa kitenge chake, ametoa mtoto.

Nikaanza kukusanya vyombo. Mke hamkatalii wifi yake mkubwa mbele ya watu, ndivyo nilivyolelewa. Pascal aliangalia sahani yake. Chumbani nikamuuliza. Akasema yeye ni mdogo kwa dada yake, atamwambia nini. Akasema shule za kule ni nzuri.

Ni nzuri, ndiyo. Mimi niliishia shule ya msingi, sikumaliza. Kule saluni, mtaa wa Point, nasimama kutwa nikisuka. Nataka mwanangu afanye kazi amekaa kwenye kiti.

Lakini ana miaka mitatu. Bado analala ameshika sikio langu.

Namkasirikia Tantine. Namhurumia pia. Nimechoka hata kulia. Eish.

Alhamisi, 10 Julai
Ilikuwa siku ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Wote mlangoni na viatu. Kitenge kilikuwa kwenye kiti, nimekikunja. Kila mtu alikiangalia.

Nikakichukua. Tantine akanyoosha mikono.

Nikamwita Riziki, nikainama, nikamfunga mgongoni kwangu. Msichana mzima, miguu inaning'inia. Nikaanza kupanda.

Nyuma nikamsikia Tantine akiuliza kama sitasema kitu. Mama mkwe akamjibu: "Ameisha kujibu. Mufuate, umubebee maji."

Njia ni mawe matupu. Riziki akaniambia, "Mama, niteremushe, nitembee." Sikumteremsha. Niliogopa nikimteremsha watasema nimebadili neno.

Juu kule Tantine akanifungulia chupa, akaninywesha mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa imeshika mtoto. Halafu akakaa peke yake, anatazama maji. Analia. Nilitaka kwenda kwake. Sikwenda.

Ijumaa, 11 Julai
Mgongo. Siwezi kuinama.

Pascal amepika uji, umeungua. Mama mkwe alimaliza bakuli, mimi nikaomba tena. Pascal amenisugua mgongo na mafuta, muda mrefu.

Tantine ameniuliza kama mwakani anaweza kuja tena. Nikamwambia flati yetu ni ndogo, lakini kitanda iko. Akamsuka Riziki. Mistari imepinda. Nimeiacha.

Jumapili, 13 Julai
Umbilo. Tantine aliondoka jana. Pale uwanja wa ndege alinikumbatia mimi kwanza, mtoto baadaye.

Kanisani sikwenda, nimefua. Kitenge kiko kwenye balkoni, tope la mlima halijatoka lote. Kesho kabla ya kazi nitapita pale kwenye shule ya watoto karibu na robot, zile taa za magari, niulize kama kuna nafasi.

Riziki amelala mchana huu, mkono kwenye sikio langu. Ameota kitu, akasema bonjour. Nikamwitikia.