Nakuheshimu Sana

4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za mama yako na cherehani yake. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi sijambo, ila goti linalonisumbua ni lile lile, sijabadilisha.

Diski za kampuni yenu zimefika hadi mtaani kwetu. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara ana deki, na kila Jumapili mchana anaileta hapa kwa sababu televisheni ninayo mimi. Tumeshamaliza vichekesho vya mapenzi vitano na kile kipindi cha familia yenye watoto sita na choo kimoja. Tumecheka hadi nikaunguza gauni la mteja kwa pasi.

Maandishi ya chini ni kazi yako, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mwanamume anakimbia uwanja mzima wa ndege, jasho linamtoka, anamshika msichana mkono, nawe umeandika, "Nakuheshimu sana." Msichana analia, anaangusha sanduku. Mimi nimeheshimiwa na watu wengi, mwanangu, na sijawahi kuangusha hata sindano. Kwani pale anasemaje hasa?

Mama yako

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, kimebaki kikohozi cha kuingilia mazungumzo ya watu. Goti nalo lipumzishe.

Umenikamata. Anasema "nakupenda". Mhariri wetu alinikumbusha kwamba diski hizi zinatazamwa sebuleni, mkwe yuko huku, watoto wako kule, nitafute neno ambalo halitamwinua mtu kitini kwa aibu. Nikakuwaza unalisoma hilo la "nakupenda" nami nimekaa pembeni yako, nikaandika "nakuheshimu". Mhariri akalipenda, sasa ndiyo kanuni. Diski arobaini, na wapenzi wote wanaheshimiana tu. Hata yule aliyemfumania mumewe anamwambia, "Umeacha kuniheshimu," na hapo angalau inaingia akilini.

Ila barua yako imejaa "tumemaliza" na "tumecheka". Huyo fundi saa anakuja kila Jumapili?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, na hiyo "hatu" ndiyo ninayotaka kukueleza.

Barua yako ilichelewa siku tatu. Jumapili kabla haijafika, fundi alisimamisha diski, naye akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaniambia, "Nakuheshimu sana." Nikamjibu, "Ahsante, nami vilevile, kaa tuendelee." Akakaa. Hakucheka tena hadi mwisho, na ilikuwa ile sehemu ya mjomba anayekwama dirishani.

Jumatano nikasoma barua yako, nikaweka mkasi chini. Kumbe mtu wa watu alikuwa ananiposa kwa maneno yako.

Baba yako ametutoka miaka saba sasa. Fundi naye ni mgane. Nataka kumkubali, sikufichi. Lakini wewe ndiye mtu wangu, na sitamjibu kabla hujaniandikia. Andika lolote.

Mama yako

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, maana huu ni mwezi wa nne. Goti limepona, sina tena cha kulalamikia.

Fundi haleti deki siku hizi. Nilimweleza yote, akasema hataki kuwa sababu ya mtoto kuacha kumwandikia mamake. Tunapungiana mkono kutoka ng'ambo, kama mabalozi wa nchi mbili zilizonuniana.

Sikukuomba ruhusa. Nilikuomba barua.

Mama yako

15 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na hilo ndilo baya, sina kisingizio.

Nilianza barua saba, zote za heshima. Ukweli ni kwamba nilipoondoka nilikuacha kwenye kiti cha dirishani, na nimekuwa nikijidanganya kwamba nikirudi nitakukuta hapo hapo, hujainuka hata kunywa maji. Nilijifikiria mimi tu.

Wiki hii tunatayarisha kipindi cha mama mjane. Mwishoni mwanawe anamwambia sentensi mbili. Nilikaa nazo kutwa nzima nikashindwa kuziandika, mhariri akauliza kama naumwa. Nikamwomba turudishe neno lenyewe kwenye diski zote mpya. Akasema wakwe watalalamika. Nikamwambia walalamike, maana na wao waliwahi kupendwa. Amekubali.

Basi naanza na wewe, bila mhariri: nakupenda, Mama. Mjibu fundi unavyotaka wewe. Nitafurahi. Labda si siku hiyo hiyo, lakini nitafurahi. Tatizo nimwite nani? "Baba wa kambo" linanikwama kooni.

Mwanao

1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na hatujambo wote wawili. Barua yako niliisoma nimesimama, nikavuka barabara na tepu yangu ya kupimia shingoni. Fundi alikuwa na kioo chake jichoni, saa ya mteja imetawanyika mezani. Nikamwambia neno lenyewe, si lile la diski. Akaniomba ningoje, skrubu zisije zikapotea. Nikangoja. Akaiunganisha saa nzima, akaifunga, akaiweka sikioni, akahakikisha inatembea. Ndipo akalia.

Ndoa ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Suti yako naikata kwa vipimo vya zamani. Kama umenenepa, sema mapema. Swali lako la mwisho nimemwachia mwenyewe ajibu.

Mama yako

Kijana, usinicheke mwandiko, nimezoea kuchonga majina nyuma ya saa. Sina haraka ya kuitwa chochote. Njoo kwanza tutazame kitu pamoja, nijue wewe huwa unacheka wapi.

Fundi